CG125 ya zamani: cheni mpya imekwisha kabla ya msimu wa korosho. Tatizo ni cheni, meno au njia zetu?

#1 Mkulima_Naliendele

Wakuu, habari za jioni.

Nina Honda CG125 ya zamani, ile ya kiki na breki za dramu mbele na nyuma. Aliiacha baba mdogo alipostaafu ubwana shamba, na mpaka leo ndiyo inayonitoa Naliendele kwenda Nanguruwe na kunirudisha. Injini haina neno. Shida ni cheni.

Kabla ya msimu wa korosho kuanza nilifungiwa cheni mpya, saizi 428. Sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, zikaachwa zilezile, maelezo yakiwa kwamba meno bado yapo. Msimu haujakwisha, cheni imelegea, virekebishio vya nyuma vimefika mwisho, na nikipakia gunia nikakutana na kilima cha mchanga inaruka. Ka-ka-ka, unaisikia mpaka kwenye unyayo, na pikipiki haiendi.

Gereji ya kwanza wanasema tukate kiungo kimoja, tuvute, nimalize msimu. Gereji ya pili wanasema toa vyote vitatu: cheni, sproketi ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma. Dukani nako naambiwa cheni za siku hizi ndivyo zilivyo.

Nauliza wenye uzoefu wa njia zetu hizi: ni nini hasa kinachomaliza cheni mapema namna hii? Na nikinunua seti nzima, nifanyeje isiishe vilevile?

#2 Boda_Mkanaledi

Toa vyote vitatu. Hayo mengine ni kupoteza hela kidogo kidogo.

#3 Fundi_Chuno

Mkulima, kabla hujatoa hela pima kwanza.

Chukua rula ya chuma au tepu. Vuta cheni ikae taiti, hesabu pini 21, pima kuanzia katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Hapo umepima nafasi 20. Kwenye 428 kila nafasi ni milimita 12.7, kwa hiyo cheni mpya inasoma 254. Ikisoma 259 imekwisha, hata kama kwa macho inang'aa. Pima sehemu tatu au nne, maana cheni hailiki sawasawa mzunguko mzima.

Watu husema cheni imevutika. Chuma hakikuvutika. Ndani ya kila kiungo kuna pini inayogeuka ndani ya kibomba kiitwacho bushi, na hivyo viwili vinasagana. Kila kiungo kikipoteza robo milimita tu, cheni ya viungo 118 imeongezeka milimita 30. Ndiyo maana virekebishio vyako vimefika mwisho.

Sasa rudi kwenye sproketi. Meno yake yamechongwa kwa nafasi ya 12.7. Cheni iliyorefuka haikai tena chini shimoni, inapanda juu ya jino na kulichonga upande mmoja, mpaka jino linalala kama pezi la papa. Ukija kuweka cheni mpya juu ya meno hayo, roli, vile vipande vya duara vya cheni vinavyokaa kati ya meno, hazipati mahali pa kukaa. Mzigo uliotakiwa kubebwa na meno mengi unabebwa na jino moja au mawili, na cheni mpya inafuata umbo la meno ya zamani. Kwa maelezo yako, cheni ile ilianza kufa siku ilipofungwa.

#4 Kaka_Shangani

Fundi hapo juu amesema kweli ila amekaza mno. Kubwa na ndogo haziliki sawa. Sproketi ndogo inazunguka mara tatu wakati kubwa imezunguka mara moja, kwa hiyo kila jino la ndogo linapigwa mara tatu zaidi. Kwetu tulikuwa na pikipiki kadhaa za kukodisha, na utaratibu ulikuwa huu: kila cheni na sproketi ndogo yake, kubwa inakula cheni mbili. Hatukuona tofauti.

#5 Fundi_Chuno

> Kaka_Shangani: kubwa inakula cheni mbili

Inawezekana kama ulikuwa unaitoa cheni mapema, ikiwa 256 au 257 hivi. Ukiiacha mpaka inaruka, kubwa nayo imeshaharibika. Mkulima yake inaruka. Sproketi kubwa ukitaka kuijua, simama nyuma ya pikipiki, shika cheni pale nyuma kabisa ya duara la sproketi uivute kuelekea kwako. Ikiachana na meno mpaka unaona mwanga, seti hiyo haina maisha.

#6 Mtoto_wa_Nanyamba

Mbona wazee walikuwa wanageuza sproketi? Unaitoa, unaifunga upande wa pili, inakula upande ambao haujaguswa. Babu alikuwa na Yamaha alifanya hivyo miaka.

#7 Kaka_Shangani

Inageuzika ile bapa pande zote mbili. Yenye kingo upande mmoja ukiigeuza cheni haitakaa mstari mmoja na ya mbele. Halafu jino lililolika ni jembamba, ukiligeuza unabaki na jembamba lilelile.

#8 Mama_Zuu_Ligula

Wanangu, habari. Mimi siyo fundi, ni abiria wa kila siku, ila naomba neno moja kabla hamjaendelea na meno.

Hiyo CG ina kava la cheni? Maana ninyi mkishabadilisha cheni mnaliacha kava gereji. Jirani yangu dera lake liliingia kwenye cheni pale karibu na stendi, likamvuta akaanguka chali. Ashukuriwe Mungu dereva alikuwa mwendo wa pole. Wanawake wa huku tunavaa madera, mabaibui, na tunabeba watoto na kanga. Mwenye pikipiki arudishe kava.

#9 Boda_Mkanaledi

Mama umenena. Mimi abiria wa baibui simwondoi mpaka akusanye pindo aliweke mapajani.

#10 Mzee_wa_Kitunda

Salaam kutoka Lindi.

Mama Zuu amegusa jambo ambalo naona ndilo jibu lenyewe la Mkulima. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 waliilenga kwa nchi kama zetu. Waliacha shafti ya kamu ya juu wakaweka injini ya pushi-rodi, yenye vijiti virefu vya kusukuma vali, makusudi, ivumilie mzigo na huduma za kuchelewa. Na nyingi katika zile za mwanzo zilikuja na kava lililoziba cheni yote, juu na chini, lenye kidirisha chenye kifuniko cha raba cha kukagulia. Halikuwa pambo. Cheni inakaa ndani haioni mchanga, haioni maji ya chumvi.

Hizi cheni za 428 za kawaida hazina oringi, vile vipete vya raba vya kufungia mafuta ndani. Kinacholinda pini ni mafuta uliyoweka wewe tu. Sasa sisi wengine tunavuka na panton kila siku, upepo wa kusi unakuja na chumvi yake, ukiiacha pikipiki nje usiku mmoja bila mafuta asubuhi cheni ina rangi ya kahawia. Ongeza mchanga. Hata uweke sproketi za aina gani, ukiiacha wazi itakwisha.

Mkulima, kava lako liko wapi?

#11 Mkulima_Naliendele

Asanteni. Mzee, kava halipo, imebaki ile bati ya juu tu. Nilivyoikuta ndivyo ilivyo.

Nimepima kama Fundi alivyoelekeza. Sehemu moja 260, nyingine 258, nyingine karibu 261. Meno ya ndogo yamelala yote upande mmoja.

#12 Fundi_Chuno

Basi kata shauri. Hiyo haihitaji mjadala.

#13 Jino_Kwa_Jino

Mzee wa Kitunda naomba kurekebisha, CG siyo ya 1976, hizo ni za miaka ya 80. Yangu kadi inasema 1986.

#14 Mzee_wa_Kitunda

Kijana, kadi yako inasema mwaka wa pikipiki yako. Mimi nimesema mwaka walipoanza.

#15 Bwana_wa_Kitangari

Wana Mtwara mjini na Lindi mnazungumzia chumvi, mimi nipo juu huku Newala, bahari naisikia kwenye redio, na cheni zetu zinakwisha vilevile. Kwa hiyo chumvi peke yake haitoshi.

Sababu ya huku ni mzigo na jinsi cheni inavyokazwa. Mtu anaiweka pikipiki kwenye stendi mbili, gurudumu la nyuma linaning'inia, anakaza cheni mpaka anaona imekaa vizuri. Anashuka, anapakia gunia la korosho la kilo 80 na mtu juu yake. Sasa angalieni: mkono unaoshika gurudumu la nyuma umefungwa nyuma kidogo ya sproketi ndogo. Gurudumu likipanda kwa uzito, ekseli inakwenda kwenye tao, na umbali kati yake na sproketi ndogo unaongezeka, mpaka pale sproketi ndogo, bolti ya mkono na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inapokuwa taiti kuliko pote. Kama uliikaza bila kuacha nafasi, inavutwa kila shimo unaloingia. Inakula pini, inakula meno, inakula beringi ya shafti inayoshika sproketi ndogo, na sili ya oili inaanza kuvuja upande wa kushoto.

Nafasi ya kucheza iwe milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini, kwa pikipiki nyingi za aina hii. Kama unabeba mizigo mizito, mkalishe mtu juu ukague tena. Na izungushe gurudumu lote, maana kuna mahali itakuwa taiti na mahali italegea. Kaza kwa kufuata pale palipo taiti.

Mkulima, gunia unapakia kabla au baada ya kukaza? Hapo pana jibu lako.

#16 Mkulima_Naliendele

Inakazwa gereji, bila mzigo. Sili ya mbele inavuja kidogo, ni kweli. Nilidhani ni uzee wa injini.

#17 Bwana_wa_Kitangari

Siyo uzee.

#18 Fundi_Chuno

Au ni uzee. CG ya miaka hiyo sili ya raba imekauka, itavuja hata cheni ikining'inia. Tusimpeleke mtu kufungua injini kwa dalili moja.

#19 Bibi_Shamba_Masasi

Habari za kazi. Nimesoma tangu juu, sijaona aliyetaja salfa.

Pikipiki za wakulima wa korosho mwezi wa sita hadi wa nane zinabeba mifuko ya salfa ya kupulizia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho. Mifuko inapasuka, unga unaingia kila mahali, cheni ina mafuta kwa hiyo inaukamata wote. Baada ya hapo mvua za Desemba zinaanza. Salfa kavu haina ubaya mkubwa kwa chuma, ila ikishikana na unyevunyevu ikakaa, inakula chuma. Pikipiki zetu za ofisi nazikagua mwenyewe, na zilizobeba salfa ndizo zinazoota kutu kwenye viungo, viungo vinakakamaa havikunjiki. Sproketi nazo zinakuwa na vidoa.

Mkulima kama cheni yako ina viungo vilivyokakamaa, angalia upande huo pia.

#20 Jino_Kwa_Jino

Dada, salfa ingekuwa inakula chuma bomba za kupulizia zisingemaliza msimu mmoja.

#21 Bibi_Shamba_Masasi

Bomba tunaziosha na kuzikausha kabla ya kuziweka stoo. Cheni nani anaiosha?

#22 Boda_Mkanaledi

Hapo ametupata wengi.

#23 Kaka_Shangani

Tukiwa kwenye kuosha. Kuna jambo linaniuma sana kwenye vijiwe vyetu: oili chafu. Mtu akimwaga oili ya injini, ile nyeusi, anaihifadhi kwenye chupa ya maji kwa ajili ya cheni. Oili ile ina unga wa chuma na masizi. Unaipaka juu ya cheni yenye mchanga, unapata kitu cha kusagia. Halafu inaruka mpaka kwenye tairi na breki.

Osha kwa mafuta ya taa au dizeli na brashi ya nguo iliyokwisha kazi. Petroli sitaki kuisikia, inakausha kila kitu na ni hatari ya moto. Futa ikauke. Kisha oili ya gia namba 90, matone kwenye kila kiungo upande wa ndani wa cheni, ule unaogusa meno, ukizungusha gurudumu kwa mkono. Subiri, futa iliyozidi kwa kitambaa. Fanya jioni baada ya safari, cheni ikiwa bado ya moto, mafuta yaingie usiku kucha. Asubuhi ukipaka ukaondoka, yote yanaishia kwenye mudigadi.

#24 Nahodha_Msimbati

Kaka hiyo oili namba 90 ipake mtu wa lami. Mimi napita ufukweni Msimbati, mchanga mwepesi unaruka kama unga. Cheni iliyolowa mafuta inageuka msasa kabla sijafika. Mimi naipaka, naifuta mpaka mkono haushiki mafuta, naenda kavu kwa nje. Yaliyomo ndani ya bushi yanatosha.

#25 Mzee_wa_Kitunda

Msimbati ukienda kavu chumvi inakula kwa nje.

#26 Nahodha_Msimbati

Mzee, kutu ya nje ya sahani haimalizi cheni. Kinachomaliza ni cha ndani, Fundi amesema namba 3. Nikirudi naimwagia maji baridi, naikausha, naweka mafuta, nafuta.

#27 Mtoto_wa_Nanyamba

Na mafuta ya ganda la korosho? Yapo bure huku, mazito, meusi, yananata. Nimeona mtu kapaka kwenye cheni ya baiskeli.

#28 Bibi_Shamba_Masasi

Usifanye hivyo mdogo wangu. Kwanza yanaunguza ngozi, waulize wanaobangua korosho kwa mkono vidole vyao vikoje. Pili yakipata joto yanaganda, yanakuwa kama gundi ngumu. Na viwandani mafuta hayo hutumika kutengenezea vitu vya kusuguana, zikiwemo lainingi za breki. Kitu kinachotumika kwenye breki unakipeleka kwenye cheni?

#29 Mtoto_wa_Nanyamba

Nimeacha. Asante dada.

#30 Mama_Zuu_Ligula

Na kuosha huko msioshe cheni injini ikiwa inaunguruma. Kijana mmoja mtaani kwetu aliweka gia ya kwanza, gurudumu linazunguka lenyewe, yeye ameshika kitambaa. Kitambaa kilikwenda na kidole. Zungusheni kwa mkono, injini imezimwa, funguo mfukoni.

#31 Fundi_Chuno

Mama amesema la maana kuliko yote kwenye uzi huu. Hiyo ajali naijua, na sio ya mtaa mmoja.

#32 Mpenda_Mwendo

Wakuu, akishanunua seti si bora abadilishe meno kabisa? Aweke ndogo ya meno 15 badala ya 14, mwendo uongezeke, injini ipumzike. Ila spidomita itadanganya.

#33 Bwana_wa_Kitangari

Mkulima anapandisha gunia kwenye mchanga, wewe unampa mwendo wa lami ya Mtwara–Lindi. Tufanye hesabu. Tuseme kubwa ina meno 42. Kwa ndogo ya 14, mbele inazunguka mara 3 ili nyuma izunguke mara 1. Kwa 15 inakuwa 2.8, nguvu ya kupanda imepungua. Kwa 13 inakuwa 3.23, inapanda vizuri zaidi ila kwenye lami injini italia.

Tena kadiri sproketi ndogo inavyokuwa na meno machache, cheni inakunjwa kwa ukali zaidi na inavutwa kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo anayekwenda 13 ajue cheni italika upesi. Mimi kwa mlima wa kutoka bonde la Ruvuma ningeongeza meno ya nyuma kuliko kupunguza ya mbele.

#34 Kaka_Shangani

Na spidomita ya CG haidanganyi kwa kubadilisha meno. Waya wake unatoka kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, la mbele, hauhusiani na cheni kabisa.

#35 Mpenda_Mwendo

Nimekuelewa hapo kwenye spidomita. Kwenye 15 nabaki na msimamo, kwa anayebeba abiria mmoja mjini inapunguza mafuta.

#36 Boda_Mkanaledi

Inapunguza mpaka ufike Mikindani pale kwenye mpando ushushe gia, umerudi palepale.

#37 Mkulima_Naliendele

Nabaki na meno yaleyale kwanza. Nimepata seti dukani, cheni imeandikwa 428H. H hiyo ndiyo nini? Na pale gereji walipotaka kukata kiungo kimoja walikuwa na maana gani, maana sitaki kurudi nilikotoka.

#38 Fundi_Chuno

428H sahani zake za pembeni ni nene kuliko za 428 ya kawaida. Nafasi ya kiungo ni ileile 12.7, inakaa kwenye sproketi hizohizo. Kwa mtu wa mzigo chukua H. Ila hakikisha kwenye kona za kava na bati haigusi, maana imezidi upana kidogo.

Kukata kiungo kimoja haiwezekani. Cheni ina kiungo chembamba na kiungo kipana vinavyopokezana, ukitoa unatoa viwili kwa pamoja ndipo ncha zinakutana. Vipo vile vya nusu vilivyopinda vya kuunganishia, mimi simfungii mtu wa mizigo. Na kukata cheni iliyolika hakuiponyi. Viungo vilivyobaki bado vina nafasi kubwa kuliko meno.

Kwenye kufunga:

Legeza bolti za sproketi ndogo kabla hujatoa cheni ya zamani. Ni kibati chenye bolti mbili za spana namba 10. Mtu akanyage breki ya nyuma, cheni inashikilia, unafungua bila kupigana. Ukishatoa cheni utabaki unazungusha hewa.

Cheni mpya ikiwa ndefu, usiilaze pembeni ya ya zamani kulinganisha urefu. Ya zamani imerefuka. Hesabu viungo.

Ukiwa na ya zamani bado juu, unganisha ncha yake na ncha ya mpya kwa loki (kiungo cha kuunganishia chenye klipu), vuta taratibu, mpya inaingia yenyewe mpaka mbele. Inakuokolea muda hasa kama una kava.

Gurudumu likiwa nje, vuta sproketi kubwa kwa mikono. Ikicheza sana mbele na nyuma, raba za ndani ya habu zimekwisha, na kila ukiachia klachi cheni inapigwa nyundo. Hizo raba bei yake ndogo, na watu hawazitazami.

#39 Kaka_Shangani

Ongezea: ukishasogeza gurudumu, breki ya nyuma nayo irekebishwe, maana fito yake imevutwa au imelegea pamoja na gurudumu. Na ule mkono unaozuia bamba la breki lisizunguke, nati yake iwe na pini ya kufungia. Ukitoka huo, bamba linageuka na gurudumu linakwama.

#40 Jino_Kwa_Jino

Loki: ile klipu, upande uliofumba unatazama mbele ya pikipiki. Msisahau.

#41 Nahodha_Msimbati

Unatazama cheni inakoelekea, siyo mbele ya pikipiki. Tofauti yake ni kubwa. Ukiifunga loki ikiwa upande wa juu, cheni ya juu inakwenda mbele, kwa hiyo uliofumba utatazama mbele. Ukiifunga ikiwa upande wa chini, cheni ya chini inarudi nyuma, uliofumba utatazama nyuma. Ukiifunga chini kwa kutazama mbele, mdomo uliowazi ndio unaotangulia, kijiti au jiwe likiugusa klipu inaruka. Cheni ikikatika ukiwa mwendoni inaweza kujikunja mbele kwenye sproketi ndogo ikapasua kasha la injini.

#42 Jino_Kwa_Jino

Ndiyo maana yangu, ikiwa juu.

#43 Nahodha_Msimbati

Sawa, sasa imeandikwa yote.

#44 Mrekebishaji_Nachingwea

Nimechelewa uzi. Nyote mmetaja meno, chumvi, mchanga, salfa, mzigo. Hakuna aliyeuliza kama gurudumu la CG hiyo limekaa sawa.

Ipo namna ya kujua bila kifaa. Tazama meno ya sproketi kubwa kwa pembeni. Yakiwa yamelika upande mmoja wa unene wake, na sahani za ndani za cheni zina mng'ao upande mmoja tu, gurudumu limekaa upande. Alama zilizochorwa kwenye mkono pale kwenye virekebishio usiziamini kwa pikipiki ya umri huo. Pima kwa tepu kutoka katikati ya bolti ya mkono hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia, vilingane. Kisha chuchumaa nyuma, fumba jicho moja, tazama cheni ya juu kwa urefu. Ikiwa na kona mahali inapoingia sproketi, bado.

Na shika gurudumu la nyuma ulitikise kulia na kushoto. Mkono ukicheza, bushi zake zimekwisha, na hakuna mstari utakaokaa ukishaweka mzigo. Pikipiki iliyobeba magunia ya bwana shamba maisha yake yote, mimi ningeanzia hapo.

#45 Bwana_wa_Kitangari

Mrekebishaji nakubali bushi, lakini bushi zinakufa kwa sababu gani? Kwa kuvutwa na cheni iliyokazwa kupita kiasi. Tunarudi kwangu.

#46 Mrekebishaji_Nachingwea

Zinakufa kwa kukosa grisi na kuingiwa na maji. Bolti ya mkono kwenye pikipiki nyingi haijawahi kutolewa tangu ilipoingia nchini, nyingine imeshikana na kutu mpaka inakatwa kwa gesi. Cheni haihusiki.

#47 Mzee_wa_Kitunda

Maji ya chumvi.

#48 Mkulima_Naliendele

Wakuu, seti imefungwa leo mchana. Sproketi ndogo ya zamani nimeitoa, ukiiweka juu ya mpya, jino la zamani limebaki karibu nusu ya unene. Raba za habu zilikuwa zimesagika, zimebadilishwa. Gurudumu nimelitikisa kama alivyosema Mrekebishaji: linacheza, kidogo. Bushi zitasubiri korosho ziuzwe ghalani. Cheni imekazwa nikiwa nimekaa juu, imebaki na mchezo wa vidole viwili hivi.

Imepanda kilima na gunia bila kuruka. Kinachobaki ni kilio kidogo kutoka upande wa cheni nikiwa gia ya tatu, hakikuwepo kabla. Ni kawaida ya cheni mpya?

#49 Fundi_Chuno

Vidole viwili vya nani? Pima kwa rula. Kilio cha cheni mpya mara nyingi ni kukazwa mno. Kagua tena baada ya siku chache, maana cheni mpya hulegea kidogo mwanzoni ikishajikalisha.

#50 Mrekebishaji_Nachingwea

Kilio cha gia ya tatu na bushi zinazocheza ni mstari. Pima kushoto na kulia.

#51 Kaka_Shangani

Au grisi ya kiwandani haijaingia vizuri. Safiri nayo wiki moja, ipake jioni.

#52 Mama_Zuu_Ligula

Na kava?

#53 Mkulima_Naliendele

Nimeulizia la mtumba, mama. Kuna mtu wa Mtama ana CG iliyokufa injini, kava lake zima. Jumamosi nakwenda kulitazama.

#54 Mzee_wa_Kitunda

Chukua na ile raba ya kidirisha cha kukagulia. Bila hiyo mchanga utaingia palepale.

#55 Abiria_wa_Ruangwa

Uzi mzuri. Mimi nina ya cheni ya 520, vipimo vya namba 3 vinatumika?

#56 Fundi_Chuno

Hapana. 520 nafasi yake ni 15.875, kwa hiyo nafasi 20 ni milimita 317.5, na ikikaribia 324 itoe. Kama ina oringi usiisugue na brashi ya waya. Fungua uzi wako mkuu, weka na picha za meno.